Siku Mchuzi Ulipokolea Mara Mbili

Jumapili, tarehe 14 Agosti 1988, mabomba ya mtaa mzima yalikuwa makavu tangu kabla ya jua kuchomoza hadi alasiri. Hilo halina ubishi: wamelisema wote waliokuwapo, waliopendana na waliokuwa hawasalimiani, wala hakuna aliyelisimulia tofauti. Ilikuwa siku ya sikukuu, siku ambayo nyumba za mtaa ule zilizima majiko yao, zikapika pamoja katika ua ulio nyuma ya ukumbi na kula ukumbini. Maji yote yaliyokuwapo uani asubuhi ile ni yale yaliyokingwa jana yake katika mapipa mawili ya plastiki ya buluu. La kwanza lilikwisha kwa kuosha nyama na viazi na kujaza sufuria ya mchuzi. La pili lilifunikwa kwa sinia na kuwekewa tofali juu, maana ndilo lililosubiri wali.

Mwenye amri juu ya mapipa hayo alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, ambaye mtaa ulimwita Bibi Mwiko. Jina hilo alilipata kwa njia mbili. Ya kwanza ni mwiko wenyewe, wa mti mgumu, mrefu wa kumfika kifuani, aliougeuzia chakula cha sikukuu tangu akiwa bi harusi. Ya pili ni katazo lake. Zamani, mwaka aliokabidhiwa jiko lile, wanawake waliopita kando ya sufuria kila mmoja alionja, kila mmoja akaona pamepungua, kila mmoja akatupia chumvi yake. Chakula kikaenda kwa kuku, na kuku nao wakakikataa. Tangu siku hiyo akakata kauli: hakuna ulimi utakaogusa sufuria kabla ya ulimi wake. Ndipo watani wakasema kwamba katika ua ule mwiko una mwiko wake, na jina likamganda.

Katazo hilo lilimpa heshima kwa miaka mingi. Mwaka ule lilimgeukia.

Mwanzoni mwa majira ya baridi alilala kitandani kwa homa na mafua yaliyomziba uso mzima. Homa iliondoka ikachukua na pua na ulimi wake. Siku aliyoinuka alikaanga kitunguu, kikaungua hadi kikawa mkaa, naye amesimama juu yake akingojea harufu ya kumwambia kuwa kimeiva. Akajaribu limau: maji. Akajaribu kahawa: maji ya moto. Akaweka punje za chumvi katikati ya ulimi, akafumba mdomo, akasubiri kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama. Mganga wa zahanati alimwambia kwamba mambo hayo hurudi yenyewe kwa wakati wake. Akayasubiri. Sikukuu ikafika kabla yake.

Hakumwambia mtu. Mwanawe alikuwa dereva wa lori, wiki nzima yu njiani. Nyumbani alibaki yeye na mke wa mwanawe, mwanamke mpole asiyependa maneno mengi, ambaye tangu aolewe ndiye aliyepika chakula cha kila siku. Kwa hiyo nyumbani siri ilikaa bila shida. Taabu ilikuwa ukumbini, kwa sababu chumvi ya sufuria kubwa Bibi Mwiko hakuwahi kuipima kwa kiganja wala kikombe. Nyama haikuwa sawa kila mwaka, viazi vililetwa kwa kadiri ya mkono wa kila nyumba, na yeye alifuata ulimi wake tu, hatua kwa hatua. Walipomuuliza kipimo alikuwa akicheka. "Kiganja hakina ulimi," aliwaambia. Sasa alikuwa na viganja viwili na hana ulimi.

Angeweza kukaa kando mwaka huo, kama si wifi yake. Huyo alikuwa dada wa marehemu mumewe, mwenyekiti wa kamati ya sikukuu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita mtu akiwa ng'ambo ya barabara. Katika kikao cha mwisho alisimama na kusema mbele ya wote: "Mwaka huu nikisikia hata mtu mmoja anaguna, sikukuu ijayo tunaagiza chakula kwa wale wa kampuni, wanakileta na masinia yao, tunakula, tunakwenda zetu. Jiko tunalifunga." Hakumtazama Bibi Mwiko aliposema hivyo. Hakuwa na haja ya kumtazama. Jiko likifungwa, mtaa utabaki na bibi mmoja zaidi wa kukaa kibarazani na kuulizwa hali.

Basi aliingia katika banda la jiko, pale uani, akiwa amepiga moyo konde, na mpango wake ulikuwa mmoja: amtumie mkwe wake bila mkwe kujua kwamba anatumiwa.

Wa kwanza kufika alikuwa muuza nyama, bwana mwembamba aliyebeba ndoo mbili na mzaha usiokwisha.

"Shikamoo, Bibi Mwiko."

"Marahaba. Hiyo ni nyama, au mifupa uliyoivisha shati?"

"Nyama, bibi. Ng'ombe huyu alikuwa mtu wa heshima zake."

"Heshima zake naona zimebaki kwenye kwato. Weka pale."

Akaweka, lakini hakuondoka. Alizungukazunguka jiko la matofali hadi nyama ikachemka, akinusa na kumeza mate. "Mwaka huu nionje mimi kwanza," akasema. "Kidogo tu, ncha ya kijiko."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Bibi Mwiko alitamani kumwambia onja. Neno lilimfika kwenye meno. Lakini mdomo wa muuza nyama ulikuwa redio isiyohitaji betri. Kabla hajafika kona ya barabara, mtaa ungekwisha jua kwamba Bibi Mwiko ameomba kuonjewa.

"Onja kidole chako," akamwambia. "Ukimaliza cha kwanza, unavyo vingine tisa."

Muuza nyama akacheka, akaenda zake ukumbini walikokuwa wakipanga viti. Bibi Mwiko akatia chumvi yake ya kwanza, kwa kukisia, kwa mkono wa woga, kisha akamwita mkwe aliyekuwa nje ya mlango akichagua mchele na wanawake wenzake.

"Mwanangu, hebu nitazamie mchuzi huu. Umekolea?"

Alisema hivyo akimpa mgongo kwa makusudi, akijifanya anapanga kuni, ili mkwe apate nafasi ya kuchovya kidole kwa siri kama vijana wote wafanyavyo. Alisikia kifuniko kikiinuliwa. Alisikia kimya kifupi.

"Bado haujakolea, mama."

"Haya. Nenda kaendelee."

Mkwe alipotoka, akatia chumvi. Akageuza, akafunika, akangoja kuni zishuke moto. Nje, wanawake walikuwa wakicheka habari ya mume wa jirani aliyevaa suti ya harusi yake mwenyewe na kifungo kimegoma kufunga. Watoto walipita mbio na puto. Mtu alijaribu kipaza sauti ukumbini, kikakwaruza, akazomewa. Bibi Mwiko alisikia hayo yote kama mtu anayesikia sherehe ya nyumba ya tatu. Akamwita tena.

"Sasa je? Umekolea?"

Kifuniko. Kimya. "Bado kidogo, mama. Umefifia."

Umefifia. Neno hilo lilimshangaza kidogo, lakini vijana wana maneno yao. Akatia tena, safari hii mkono umejaa, maana wifi yake alikuwa amepita mlangoni akitazama ndani bila kusalimu, na woga una tabia ya kukamilisha mambo haraka. Mchuzi ukatokota. Alipotoka kuleta kuni na kurudi, viazi vilikuwa vimeanza kulainika. Akajisemea kwamba kama mara ya tatu mkwe ataitika, basi siku imepita salama.

Mara ya tatu hakulazimika kumwita. Mkwe alirudi mwenyewe na kopo tupu mkononi, akifuta jasho kwa kitenge, na uso umemchangamka kama wa mtu aliyefanya jambo jema bila kuagizwa.

"Mama, ulipokwenda kuleta kuni niliongeza nyanya ya kopo. Hizi za mwaka huu zimepauka, hata ukitia kikapu kizima hazitoi rangi. Lakini sasa tazama. Umekolea, mwekundu kabisa."

Bibi Mwiko alisimama na mwiko mkononi.

Katika jiko lile neno kukolea lilikuwa na kazi mbili. Mchuzi hukolea chumvi, na mchuzi hukolea rangi. Yeye aliuliza chumvi, kwa sababu tangu homa ile hakuwaza kitu kingine asubuhi wala jioni. Mkwe alijibu rangi, kwa sababu chumvi alikwisha katazwa. Alikatazwa na nani? Na yeye mwenyewe, Bibi Mwiko, siku mkwe alipoletwa nyumbani na kuambiwa kwa upole sheria za jiko la ukumbi. Tangu hapo binti yule hakuwahi kuonja, wala kwa siri, wala mama mkwe akiwa amempa mgongo. Aliinua kifuniko, akatazama kwa macho, akasema alichokiona. Utii wake ulikuwa kamili, na kwa ukamilifu huo sufuria ya mtaa mzima ilikuwa imetiwa chumvi mara tatu.

Alitazama mchuzi. Ulikuwa mwekundu, unang'aa, mzuri wa kutazamwa. Haukumwambia lolote.

"Mama, kuna nini? Nimekosea kutia nyanya?"

"Funga mlango," akasema.

Mkwe akafunga.

"Chukua kijiko. Onja."

"Mimi?" Alirudi nyuma hatua moja, kana kwamba ameambiwa ashike kaa la moto. "Mama, mimi siwezi. Wewe hujaonja."

"Nimeonja, mwanangu. Nimeonja tangu asubuhi. Tangu baridi ilipoanza naonja na sipati kitu. Ulimi wangu umekufa." Akaushika mwiko kwa mikono miwili. "Kila nilipokuuliza umekolea, nilikuuliza chumvi. Uliponiambia bado, nikatia. Sasa onja uniambie tumefika wapi."

Mkwe akachukua kijiko. Kisha akachota, akapuliza, akaweka mdomoni. Uso ulimkunjika kabla hajameza, na Bibi Mwiko akapata jibu lake.

"Ni chumvi, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Nyama siisikii. Ni chumvi tu."

Ukumbini kipaza sauti kilianza kufanya kazi. Mtu alikuwa akiwakaribisha wageni waketi.

Jambo la kwanza lililomjia Bibi Mwiko lilikuwa maji, na la pili lilikuwa kwamba maji hayapo. Bomba la uani lilikuwa likitoa upepo. Nyumba zote za karibu zilikuwa zimetoa akiba yao jana. Lilibaki pipa la pili tu, na pipa la pili lilikuwa la wali. Likimiminwa kwenye mchuzi, wageni watapewa mchele mkavu wautafune. Alilitazama pipa lile, akatazama mchele uliooshwa katika beseni, ukingojea, haujatiwa kitu chochote bado. Akatazama tena sufuria. Mkwe naye alikuwa akimtazama yeye.

"Mchele huo umeutia chumvi?"

"Bado, mama. Nilikungoja wewe."

"Vizuri. Usiutie. Leta sufuria ya wali hapa."

Wakaanza kuchota. Waliutoa mchuzi kwa bakuli la shaba, bakuli baada ya bakuli, mpaka nyama na viazi vikatokeza vichwa. Ule walioutoa wakauweka kwenye sufuria ya wali, wakaupunguza makali kwa maji kidogo ya pipa, wakautia mchele. Maji safi yaliyosalia, yale ambayo yangepika wali mweupe, wakayamimina juu ya nyama, wakachochea moto upya. Kwa njia hiyo maji hayakuongezeka hata tone; chumvi ndiyo iliyohamishwa nyumba, nusu ikaenda kukaa na wali. Walifanya kazi bila kuzungumza. Jasho la mkwe lilidondokea sakafuni, na mara moja bibi alimshika kiwiko ili bakuli lisimponyoke.

"Wali utakuwa na rangi," mkwe akanong'ona.

"Utakuwa na rangi."

"Watauliza."

"Wacha waulize rangi. Rangi nina macho ya kuijibu."

Wali ulipokuwa umekauka na mchuzi umeanza kutokota upya, Bibi Mwiko akampa mkwe mwiko wenyewe, ule wa mti mgumu, kwa sababu kijiko kilikuwa kimeangukia majivuni. Mkwe akaupokea kwa mikono miwili. Akauinua, mchuzi ukitiririka ukingoni, akausogeza mdomoni.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa wifi.

Alisimama akawatazama: mkwe na mwiko karibu na midomo, mwenye mwiko amesimama kando na mikono mitupu, wali umegeuka mwekundu. Mkwe akaushusha mwiko bila kuonja.

"Naona leo mwiko umevunjwa," wifi akasema.

"Haujavunjika, wifi. Namfundisha."

"Watu wamekaa, sahani ziko mezani, wewe unafungua darasa?" Akasogea, akainua kifuniko cha wali. "Na wali wa sikukuu tangu lini ukapakwa rangi?"

"Tangu mabomba yalipokauka. Umepikwa na supu. Utaupenda."

"Nitaupenda." Wifi alirudia neno hilo polepole. Aliokota kijiko majivuni, akakifuta kwa upindo wa kanga, akakichovya kwenye mchuzi. Lakini hakukipeleka mdomoni kwake. Alikinyoosha kumwelekea Bibi Mwiko. "Basi onja, mwalimu. Uniambie. Umekolea?"

Kilikuwa kijiko kimoja na jibu moja, na majibu yalikuwa mawili tu ya kuchagua. Angesema umekolea, angeweza kupatia. Mkwe alimtazama kwa macho ya kumwomba aseme hivyo. Bibi Mwiko akakipokea kijiko, akaonja, akameza moto mtupu.

Wifi akaongea yeye, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika nje ya mlango. "Siku ile ulipokuja kwangu kuniangalia mguu. Wale watoto walikuwa wametia chumvi kwenye kopo la sukari. Mimi nilitema, mume wangu alitema, mgeni wa watu alitema. Wewe ulikunywa chai ile ukaomba kikombe cha pili."

"Umekolea, au haujakolea?"

"Sijui," Bibi Mwiko akasema.

Neno hilo hajawahi mtu kumsikia akilisema katika ua ule. Mkwe aliinamisha kichwa. Ukumbini mtu alikuwa akigonga sahani kwa uma, na wengine wakamfuata, mpaka ukumbi wote ukawa unagonga.

Wifi alikichukua kijiko, akakichovya tena, akaonja. Alikaa nacho mdomoni. Uso wake, ambao mtaa mzima uliusoma kama tangazo, safari hii haukusema kitu. Akameza. Akakiweka kijiko juu ya tofali, akageuka mlangoni na kuwaita wanawake kwa ile sauti yake ya kuvuka barabara:

"Pakueni."

Wakapakua. Wali mwekundu uliingia ukumbini kwa mara ya kwanza, na muuza nyama akasimama kitini na kutangaza kwamba hiyo ni damu ya ng'ombe wake mwenye heshima, watu waile kwa adabu. Walicheka. Walikula. Bibi Mwiko alibaki jikoni, ameshika tama juu ya kigoda, akisikiliza kama kuna atakayeguna. Mkwe alipeleka sahani na kurudisha sahani, na alipopata nafasi ya kukaa ili naye ale, sufuria zote mbili zilikuwa zimekwanguliwa.

Kamati ilipokutana tena, habari ya kampuni na masinia haikutajwa. Mwenyekiti aliyaruka maneno yake mwenyewe kama mtu anayeruka dimbwi, akauliza nani ataleta kuni. Sikukuu iliyofuata Bibi Mwiko alikuwa palepale, lakini katazo lake alikuwa amelifuta kwa mdomo wake, kikaoni, bila kueleza sababu kwa marefu: "Mimi nitapika. Kuonja ataonja mkwe wangu. Ulimi wangu umestaafu, mimi bado." Ladha haikumrudia kamwe. Alipika hivyo mpaka magoti yalipokataa, akiuliza kwa sauti kubwa ya kusikika na kila mtu, "Umekolea chumvi?" na siku zote akilitaja neno chumvi.

Kuhusu mchuzi wa siku ile, ushahidi hauafikiani. Muuza nyama aliapa kwamba hajawahi kula mtamu kuliko ule. Jirani mmoja alisema alishinda na kiu mpaka bomba liliporudi, lakini siku ile kila mtu alikuwa na kiu. Mkwe hakuonja, wala kwenye mwiko wala kwenye sahani. Wifi aliulizwa mara kadhaa katika uhai wake, na jibu lake lilikuwa moja: "Nilikuwa na njaa." Ameshafariki. Haijulikani, basi, kama alipoonja alikuta mchuzi umerekebika, au alikuta bado ni chumvi tupu akaumeza.